YAH: MPIRA WA MFUNIKO MLIOUFUNGA TAREHE 28 JUNI

Kigoma,
14 Julai 2025

Meneja,
Karakana ya Boti,
Kigoma.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kazi mnaijua, kufunga mpira mpya wa kuzuia maji kwenye mfuniko wa tundu la shehena la boti yangu, risiti mnayo, na masharti ya dhamana yenu ya siku 90 mmeyabandika ukutani juu ya meza ya mhasibu, kwa hiyo sitayanakili hapa. Naandika kwa heshima, na naomba heshima hiyo mwihesabu, kwa sababu mimi Jumatano ya tarehe 9 sikuipata.

Siku hiyo msimamizi wenu alifika Kibirizi baada ya kupigiwa simu mara nne. Nilimwonyesha kipimo ambacho hata kuli anakijua. Nilichana karatasi ya upana wa vidole viwili, nikailaza juu ya ukingo wa tundu, nikafunga mfuniko na makomeo yote manne, kisha nikavuta. Mpira ukiwa umeshika, karatasi inakwama au inachanika. Hii ilitoka nzima, bila hata kukunjamana. Msimamizi akaichukua mkononi mwangu, akajifutia grisi vidoleni, akaitupa ziwani. Akasema, "Mama, boti ni ya majini. Maji kidogo hayakosi."

Haya, tuyapime hayo maji kidogo. Jumapili ya tarehe 6 boti ilikwenda Kagunga na saruji. Kusi ya Julai mnaijua: ukielekea kaskazini mawimbi yanakufuata kwa nyuma na kumwagika juu ya sitaha ya nyuma, palepale ulipo mfuniko wenu. Tulipofungua, mifuko 11 iliyokuwa chini ya tundu ilikuwa imelowa, na kesho yake ikawa mawe. Kwenye simu fundi wenu alidai ni bati la chini linalovuja. Ndugu Meneja, mifuko ya safu ya chini ilitoka mikavu, unga wake unatimka. Ni maji gani hayo yanayopanda kulowesha ya juu na kuiruka ya chini?

Sasa mpira wenyewe. Tundu la kujazia dizeli liko hatua moja tu kutoka kwenye mfuniko, na dizeli humwagika kila siku. Ndiyo maana nilisema tangu mwanzo, na mkaandika kwenye karatasi ya kazi, kwamba nataka mpira unaostahimili mafuta, neoprini au naitraili iliyoshiba, si sponji, mraba wa milimita 20 kwa 20. Hata EPDM safi, aina nyingine ya mpira, nisingeipokea mahali pale. Inavumilia jua la Kigoma vizuri sana, lakini ikigusana na mafuta inavimba na kulegea. Ninyi hamkuleta hata hiyo. Mmeleta sponji nyeusi, ile ya milango ya magari. Nimekata kipande cha sentimita 5 nikakikamua kama kitambaa cha kufutia meza, kikatoa maji. Mpira wa kuzuia maji unaokunywa maji!

Urefu nao. Mfereji wa mpira kwenye mfuniko ni sentimita 60 kila upande, yaani mita 2.40 kuzunguka. Mpira hukatwa na ziada ya sentimita 2 hivi, zile ncha mbili zikaanza kukutanishwa, halafu uliobaki ukasukumwa ndani kidogo kidogo ili ujibane wenyewe. Mafundi wenu walikuja na kipande cha mita 2.30, wakakivuta hadi kikafika. Mpira uliovutwa haukai, hurudi ulikotoka. Ndani ya siku nane kiungo kilikuwa kimeachia pengo la milimita 9, kidole changu cha mwisho kinapita. Na kiungo chenyewe walikiweka kwenye kona ya upande wa bawaba, mahali pabaya kuliko pote, badala ya katikati ya upande ulionyooka. Kona hukatwa kwa mshazari wa nyuzi 45 na kugundishwa, au hununuliwa zikiwa zimeumbwa tayari. Zenu zimekunjwa tu, na palipokunjwa mpira umekuwa mwembamba upande wa nje na kufanya kibyongo upande wa ndani.

Pengo lile kijana wenu alilijaza silikoni. Imebanduka kipande kizima, na mgongoni mwake imebeba kutu.

Kutu, kwa sababu mfereji haukukwanguliwa. Gundi ya zamani imo, mabaki ya mpira wa zamani yamo. Hapo kulihitajika patasi, kisha brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kisha kufuta kwa thina, kisha rangi ya kuzuia kutu ikauke kabisa. Baada ya hapo ndipo gundi, nyembamba, kwenye chuma na kwenye mpira, na kungoja mpaka ikiguswa isiachie uzi kidoleni. Ni kazi ya siku mbili, na mlinitoza bei ya siku mbili. Walifika saa moja asubuhi chuma bado kina umande, saa nne wakaondoka. Na kabla ya kuondoka wakapaka mfuniko rangi, mpira nao ukapakwa humo humo. Rangi ikikauka juu ya mpira inafanya ganda gumu lenye nyufa, na ukingo wa chuma unauma ganda badala ya kuuma mpira. Hili nalo linahitaji kufundishwa?

Kuhusu ukingo, upande wa kulia ulikuwa na bonde la milimita 4 hivi, pipa liliwahi kuangukia hapo. Niliwaonyesha. Bonde kama hilo haliponywi na mpira mpya, huwa linanyooshwa au kujazwa kwa kuchomelea na kusagwa. Waliliacha. Na kwa kuwa mpira mpya ni mnene kuliko ule uliokwisha kubonyea, upande wa bawaba ukawa unagusa kwanza na upande wa makomeo unabaki juu. Dawa yake ni ndogo: unalegeza bawaba, unarefusha matundu ya bolti kidogo ili mfuniko ushuke sawasawa pande zote. Mpira wa milimita 20 ukabonyea kama milimita 5, imetosha. Mafundi wenu walichomeka bomba la chuma la mita nzima kwenye mkono wa komeo wakaning'inia. Makomeo mawili yamepinda. Pale yalipobana zaidi, chuma kimekutana na chuma. Upande wa pili mwanga wa tochi unapita.

Mfuniko hupimwa kwa chaki: unapaka ukingo, unafunga, unafungua, unatazama kama mstari mweupe kwenye mpira umezunguka bila kukatika. Kisha maji ya bomba, mdomo wa milimita 12, presha ya bar 2, ukisimama umbali usiozidi mita moja na nusu, na mtu yuko ndani na tochi. Mimi nilipimiwa kwa ndoo moja, iliyomwagwa na kijana aliyekuwa akiongea na simu.

Narudi Jumatano. Sijamaliza nayo. Walikuwapo makuli tisa, abiria wa boti ya Mwamgongo waliokuwa wanangoja kupakia, na mafundi wenu wawili. Karatasi ile niliichana kwenye hati ya saruji, kwa hiyo ilikuwa na mhuri wa duka upande mmoja. Nilimwambia msimamizi avute mwenyewe ili asiseme nimemtega. Hakuvuta. Aliinyakua, akaifanya kitambaa, kidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu aliyemaliza kula. Akaiachia majini. Ndipo akasema hayo ya mama na boti ni ya majini, na vijana wake wakacheka. Kisha akaongeza ambalo kule juu sikuliandika kwa aibu: kwamba nitafute mume anielekeze mambo ya vyuma. Karatasi ikabaki inaelea kando ya boti, mhuri juu, kila mtu anaitazama.

Wale Wajerumani walioizamisha meli tunayoiita leo Liemba mwaka 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi waliipaka injini grisi nzito kwanza, na ilipoibuliwa mwaka 1924 injini zilifaa kutumika tena. Waliizamisha kwa makusudi na bado waliitunza. Ninyi mlilipwa muitunze.

Nilipoanza barua hii nilitaka jambo moja tu, kazi irudiwe kwa mpira niliouagiza. Hilo bado nalitaka, na mfereji ukwanguliwe mbele yangu. Lakini shilingi 380,000 nilizolipa zirudishwe pia, kwa sababu kilichofanyika hakikuwa kazi. Na saruji mifuko 11, shilingi 264,000. Na makomeo mawili mapya, si haya yakanyooshwe kwa nyundo. Na siku tatu ambazo boti imelala, hesabu yake naambatanisha. Msimamizi yule asikanyage tena sitaha yangu. Aje Kibirizi, asimame pale pale ufukweni asubuhi boti zinapopakia, aombe radhi kwa sauti ile ile aliyotumia. La barua ya radhi siliafiki, karatasi zenu nimeshaona mnavyozitumia.

Nawapa hadi Ijumaa ya tarehe 25 Julai saa kumi jioni. Baada ya hapo sitapiga simu. Maelezo haya na picha 14 vitakwenda TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, wao ndio wanaokagua vyombo, wapate kujua nani anafunga mifuniko ya boti zinazobeba watu katika ziwa hili. Nakala itakwenda Tume ya Ushindani, na dai la fedha nitalipeleka mahakamani. Nilikuwa sijataka kufika huko. Jumamosi nilipita boti mbili nyingine mlizozifunga mwezi huo huo wa Juni, nikiwa na karatasi na chaki. Wenyewe wameshaona mstari ulipokatika, na wanasubiri nijibiwe nini.

Kile kipande cha sponji nimekitia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko. Mfuniko wa kopo hauvuji. Mkihitaji kukiona, njooni nacho kipimo chenu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye boti,
Kibirizi, Kigoma