Barua kutoka Maskati: mkija majabalini Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Mama mfikishie shikamoo yangu, na wanao wote nawasalimu. Nimepata habari kwamba mnakuja Julai, na kwamba watoto wanataka kupanda majabali na kuogelea kwenye mawadi, yale mabonde ya maji ya milimani. Karibuni sana, nyumba ipo. Nakuandikia mapema ili mjiandae mkiwa huko huko Tanga.

Mtu wa pwani akija huku hudhani mambo mawili: kwamba joto la jangwani ni kavu, na kwamba yeye joto amezaliwa nalo. Yote mawili yanamponza. Bahari ya Oman wakati wa kiangazi hupita nyuzi 30, na upepo unaotoka baharini huja umejaa mvuke, ukagonga milima ya Hajar na kubaki papa hapa Maskati. Mvua hakuna, ardhi imekauka, lakini hewa ni nzito. Chukua siku ya Machi huko Tanga, nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70: kwa jedwali la watu wa hali ya hewa, mwili unahisi kama nyuzi 40. Hapa Julai, kwa unyevu huohuo na nyuzi 35, mwili unahisi kama 50. Nyuzi tatu tu zimeongezeka kwenye kipimajoto, kumi zimeongezeka mwilini.

Sababu ni jasho. Jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Lita moja ikikauka juu ya ngozi huondoa joto la kilojuli 2,400 hivi. Ikidondoka chini, umepoteza maji na chumvi bure. Kwa hiyo ukiona jasho linatiririka mpaka kwenye viatu, usijisifu kwamba mwili unafanya kazi vizuri. Umeshindwa kupoa, na joto linajikusanya ndani.

Kuna na siku ambazo upepo hubadilika ukatoka bara, wanauita gharbi, mkavu na mkali. Jasho hukauka vizuri, ila hewa yenyewe inaunguza na huoni unavyopoteza maji. Mji wa Qurayyat, kusini mashariki ya hapa, tarehe 26 Juni 2018 usiku na mchana joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Siku ya gharbi hatutoki, hata alfajiri.

Jambo la pili ni msimu wenu. Julai kwenu ni kipupwe, kusi inavuma, na mazoea ya joto la Machi yameshawatoka. Mwili huzoea upya kwa siku 10 hadi 14, kwa sharti la kutoka jasho kila siku. Anayeshinda ndani ya kiyoyozi hazoei chochote. Basi siku za mwanzo tutatembea dakika 20 au 30 tu jioni pale ufukweni, tukiongeza kidogo kidogo. Majabali yatasubiri wiki ya pili. Hili naomba usilibishie, maana walio wengi huzidiwa siku zile za kwanza kwanza.

Kuhusu wapi pa kwenda: ile njia fupi kutoka Riyam kwenda Mutrah, yenye alama za rangi ya manjano, nyeupe na nyekundu maweni, ni nzuri Desemba. Julai siitaki. Miamba yake ni myeusi, inakunywa jua mchana kutwa na kulirudisha usiku kucha, na alfajiri ndipo unyevu unapokuwa juu kabisa. Wanaoamka mapema hupata afueni ya jua, lakini si ya fukuto.

Tutapanda juu. Kila mita 1,000 hupunguza nyuzi sita hivi, na uwanda wa Saiq kule Jabal Akhdar uko kama mita 2,000, hivyo huku kukiwa 40 kule ni 28 au 30 na hewa ni nyepesi. Polisi wa kizuizi cha Birkat al Mawz hawaruhusu gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne, nitalikodi mimi. Kule kuna njia inayounganisha vijiji vya Al Aqr, Al Ayn na Ash Shirayjah, kando ya mashamba ya ngazi na mifereji ya kumwagilia iitwayo falaj. Watoto wataiweza. Tutoke baada ya swala ya alfajiri, jua linachomoza kama saa 11 na nusu, na saa 2 asubuhi tuwe kivulini. Serikali yenyewe imepiga marufuku kazi za nje jua kali kuanzia saa 6:30 hadi 9:30 mchana, Juni mpaka Agosti. Sisi tunaotembea kwa starehe tusiwe wakaidi kuliko mafundi ujenzi.

Wadi Shab watoto wameiona kwenye picha, najua. Maji yake yanapoza kweli, kwa sababu yana baridi kuliko ngozi. Lakini kabla ya kuyafikia ya kuogelea kuna mwendo wa robo tatu saa hivi ndani ya korongo lisilo na upepo. Na kiangazi mawingu hujikusanya milimani mchana, mvua inanyesha mbali usiyoiona, na mafuriko yanakuja bondeni kwa dakika chache chini ya anga safi. Maji yakianza kubadilika rangi, au vijiti na majani vikaanza kuelea, panda ukingoni hapo hapo. Usirudi kufuata mkoba.

Sasa maji ya kunywa, na hapa usome polepole. Mtu mzima akipanda mlima kwenye fukuto hutoka jasho lita moja hadi moja na nusu kwa saa. Tumbo linapokea kama lita moja tu kwa saa. Kwa hiyo hata ubebe pipa, kila saa unabaki na deni, na dawa yake ni kufupisha safari: saa mbili, basi. Kunywa robo lita kila dakika 15 au 20. Chupa moja katika mbili iwe na chumvi: lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, au pakiti ya ORS. Tende ni nzuri, zina sukari na potasiamu, ila chumvi hazina. Anayekunywa maji matupu tu kwa wingi huishia na kichefuchefu na kichwa kuuma kwa sababu damu imepungukiwa chumvi, halafu watu wanamzidishia maji. Mizani ya nyumbani inasema kweli: jipime kabla na baada. Kilo iliyopungua ni lita unayodaiwa, na uzito ukiongezeka umekunywa kupita kiasi. Chupa mojawapo tugandishe usiku, tuijaze robo tatu tu ili barafu isiipasue.

Nguo ziwe pana na nyepesi. Fulana nzito ya pamba ikilowa haikauki upesi, inabaki imelowa na kuchubua. Paka mafuta ya mgando mapajani, kwapani na katikati ya vidole vya miguu, mahali ngozi inaposuguana tu. Ukijipaka mwili mzima unaziba matundu ya jasho na kuita harara. Na mtoto akitoka harara, apumzishwe siku kadhaa hata kama haimuwashi sana, kwani ngozi ile haitoi jasho vizuri na joto litampanda upesi.

Viatu visivyopenya maji msilete, jasho linabaki ndani na malengelenge hayachelewi. Vya wavu ni bora, na soksi jozi mbili, kubadilisha katikati ya njia. Kama vimekaa kabatini miaka, vikunje kwa nguvu sasa hivi: soli za poliyurethani huoza kwa unyevu na kumeguka zote siku ya kwanza mlimani.

Dalili za hatari mfundishe kila mmoja: kusisimka vinywele kama mwenye baridi, kujikwaa, maneno kuvurugika, au mtoto mchangamfu kunyamaza ghafla. Wengi husubiri ngozi ikauke ndipo washtuke. Aliyezidiwa na joto akitembea anaweza kuwa bado ametota jasho. Mlazeni kivulini, mvueni, mmwagieni maji mfululizo na kumpepea, barafu kwapani na kinenani. Akiwa haelewi anachosema msimnyweshe. Pigeni 9999, lakini kumpoza kuanze kabla ya gari na kuendelee ndani ya gari.

Mama asije majabalini. Dawa zake za presha, hasa ile ya kupunguza maji, zinamfanya apungukiwe haraka. Nitamtafutia sehemu yenye kivuli pale Saiq atusubiri na kahawa yake.

Nitumie majina ya dawa hizo nimuulize mfamasia wa huku, na vipimo vya miguu ya watoto, viatu vya wavu nitavinunua mimi.

Wasalaam,
Kaka yako