Kidonda cha chuchu kisipakwe krimu tu, kipimwe

Mhariri, naomba nafasi niseme hili maana limenikaa moyoni muda mrefu.

Mama yangu mdogo alianza kuwashwa chuchu ya upande mmoja, ngozi ikawa inabanduka na kutoa majimaji, akapewa krimu ya fangasi, ilipoisha akapewa nyingine, miezi ikakatika na hakuna hata mmoja aliyesema hebu tukate kinyama tukapime. Kuja kupima ni ugonjwa wa Paget, yaani kansa ya ngozi ya chuchu, ambao mara nyingi unakuja pamoja na kansa ndani ya titi lenyewe. Uvimbe wa kushikika hakuwa nao, maumivu hana, ndo maana wote tulilala.

Tumezoea kutafuta uvimbe tu. Sawa utafutwe, tena uvimbe mwingi sio kansa hasa kwa mabinti, kwa hiyo mtu asijifiche kwa woga. Ila na ngozi ya titi iangaliwe jamani, ikivutwa kwa ndani, ikiweka vishimo kama ganda la chungwa, chuchu ikizama wakati haikuwa hivyo, au titi zima likivimba na kuwa la moto halafu antibayotiki hazisaidii, hapo usikubali kurudishwa nyumbani na vidonge vilevile. Wanaume nanyi mnaipata, ni wachache ila mnaipata.

Na ngozi ya kwingine ni hivyohivyo. Sisi weusi tunaambiana kansa ya ngozi ni ya wazungu, wakati Bob Marley alikufa 1981 akiwa na miaka 36 kwa melanoma, aina ya kansa ya ngozi, iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Kwetu inapenda kukaa unyayoni, kiganjani, chini ya kucha, yaani kulekule ambako hakuna anayeangalia, na mtu akiona mstari mweusi kwenye ukucha unazidi kupanuka anasema labda nilijigonga. Wenye ualbino ndo wasisubiri kabisa, kidonda kidogo tu usoni au sikioni kisichopona kionwe na daktari mapema.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba mwenye dalili za kansa ya titi apate jibu kamili ndani ya siku 60 tangu aende kuonwa mara ya kwanza. Mama mdogo alisubiri miezi minane, na muda wote huo kliniki alikuwa anakwenda kila tarehe aliyopangiwa.