Jumamosi tunawakumbuka

Hamjambo wapendwa. Jumamosi saa mbili usiku tutakuwa na ile laivu yetu ya kuwakumbuka watengeneza video walioondoka mapema. Njooni na bando la kutosha.

Tutaanza na Technoblade, yule Mmarekani wa Minecraft, ule mchezo wa kompyuta. Agosti 2021 aliwaambia mashabiki ana saratani. Juni 2022 akafariki, umri miaka 23. Video yake ya mwisho hakuisoma mwenyewe. Baba yake ndiye aliyesoma maneno ya mwanawe, sauti ikimkatika, na hapo ndipo wengi wetu tulipojua kwa mara ya kwanza kwamba jina lake ni Alex. Mimi nimeitazama mara tatu na kila mara nimelia. Baadaye watengenezaji wa Minecraft walimvisha nguruwe taji kwenye ukurasa wa kufungulia mchezo, maana nguruwe mwenye taji ndiye aliyekuwa sura yake.

Kisha Brian Chira wetu wa TikTok, aliyegongwa na gari Kiambu Machi 2024, naye akiwa na miaka 23. Mashabiki walichanga mamilioni ya shilingi kwa mazishi na kwa nyanya yake aliyemlea. Tafadhali, picha za ajali zisiletwe humu.

Kila mtu anitumie inboksi kipande kimoja anachokipenda, kisizidi dakika moja, kabla ya Ijumaa jioni. Kama kuna mwingine unayemkumbuka, niandikie jina lake nimwingize.