Risala ya Wahitimu wa Stashahada ya Utabibu kwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, itifaki imezingatiwa.

Risala za mahafali huanza na uchakavu wa mabweni. Yetu tunaomba ianze na gego la mtoto.

Mtoto wa miaka 4 hadi 9 analetwa magego ya juu yanacheza, shavu limevimba lakini halina joto wala usaha. Mara nyingi jino hung'olewa. Kanda ya Ziwa, malaria haikauki, na uvimbe huo unaweza kuwa limfoma ya Burkitt, saratani inayohusishwa na malaria, aliyoieleza daktari wa upasuaji Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Kampala. Kutoka taya la juu hujaza sinasi, uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu, kisha husukuma sakafu ya tundu la jicho. Jicho hutokeza, kope hazifungi, kioo cha jicho hukauka.

Mheshimiwa, chembe zake huongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48. "Rudi baada ya wiki mbili" haifai hapa. Jipu la jino huuma, huleta homa, na hunywea kwa antibayotiki siku mbili tatu. Lisiponywea, rufaa iandikwe siku hiyo.

Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kwa kipimo kiingie kwenye fomalini, maji ya dawa ya kuhifadhi nyama, ya asilimia 10, ujazo mara 10 ya kinyama chenyewe. Kikitiwa kwenye maji huoza, na maabara haina la kusoma.

Kisu hakiponyi ugonjwa huu. Dawa ndizo zinazoponya: saiklofosfamaidi, vinkristini na methotreksati. Uvimbe huyeyuka kwa siku chache, na hatari iko hapohapo: chembe zinazokufa humwaga asidi ya yuriki na potasiamu, figo zikashindwa. Dripu isiyo na potasiamu, lita 3 kwa kila mita ya mraba ya mwili kwa siku, pamoja na allopurinoli, dawa ya kupunguza asidi ya yuriki, vitangulie dozi ya kwanza, na mkojo upimwe. Methotreksati huchomwa pia uti wa mgongo. Vinkristini ikichomwa huko huua. Sindano hizo mbili zisikae trei moja.

Tunaomba fomalini na fomu za rufaa ziwekwe kwenye vyumba vya meno vya vituo vya afya, siyo hospitali ya wilaya pekee. Tunaomba pia nauli ya mtoto na mlezi hadi Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, kwenda na kurudi, kwa mizunguko yote ya dawa: shavu likishanywea, mzazi asiye na nauli huona mtoto amepona.

Tunaomba kuwasilisha.