Mhariri, huo upara mnaosema unatibika ni upara upi?

Ndugu Mhariri, salaam.

Mi ni msusi, nina kibanda changu Tabata huu mwaka wa 19, na kuandika gazetini sijawahi, ila hii imenikaa kooni nimeona bora niitoe. Ni ile makala yenu ya wiki mbili zilizopita ya kwamba upara unakaribia kubaki hadithi, ile yenye picha ya mzungu kichwa nusu kipara nusu nywele. Makala nzuri sikatai. Ila Alhamisi kaja mteja wangu wa siku nyingi, mama mtu mzima, kakaa kwenye kiti kafungua mtandio, nikaona huku juu ya masikio pamekwenda, yaani palipokuwa na nywele mwezi wa tatu sasa hivi ni ngozi tupu inang'aa kama goti la mtoto aliyepakwa mafuta. Nikamwambia dada leo tupumzishe hiki kichwa, nikufunge mabutu ya uzi malegevu basi. Akacheka, akatoa simu, akanionyesha makala yenu hiyo hiyo. "We kaza tu shoga, zikiisha Wamarekani wameshapata dawa ya kuziotesha."

Hapo ndo nikasema naandika.

Maana hiyo dawa naijua, mwanangu anasoma mambo ya maabara chuoni na tumeifuatilia naye kwa sababu na mimi kichwa changu kina yake nitakuja kusema. Inaitwa PP405, imetokana na utafiti wa chuo cha UCLA kule Los Angeles. Mwaka 2017 walitoa utafiti wao kwamba zile seli shina za nywele, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine, zile zinazokaa ubavuni mwa kifuko cha unywele zimelala zikisubiri zamu yao, unaweza kuziamsha kwa kuwabadilishia chakula. Sukari ikishavunjwavunjwa mle ndani ya seli inatoa kitu kinaitwa pairuveti, kawaida kinaingia kwenye mitokondria, vile vijinu vya nguvu vya seli, kikachomwe huko, sasa wao wakafunga mlango kisiingie, kikageuka laktati, na laktati ikizidi seli inaamka na unywele unaanza. Waliona kwa panya kwanza. Mwaka 2025 kampuni inayotengeneza hiyo dawa ikatoa majibu ya watu 78, walipaka wiki 4 tu, na ilipofika wiki ya 8 wale wanaume wenye upara mkubwa zaidi, asilimia 31 yao nywele ziliongezeka wingi kwa zaidi ya asilimia 20, na waliopewa dawa bandia isiyo na kitu ndani hakuna hata mmoja. Si haba. Ila hesabuni wenyewe, kati ya hao wanaume wenye upara mkubwa kama 10 ni 3 tu, na bado kuna hatua ya majaribio makubwa.

Lakini si hesabu iliyonikera. Kilichonikera ni neno upara. Mmelitumia kama vile ni ugonjwa mmoja.

Mtu wa shamba atanielewa haraka. Mgomba ukikatwa usawa wa ardhi si umekufa, tunguu lipo chini, mvua ikinyesha unaona chipukizi hilo pembeni. Upara wa wanaume, ule wa kurithi unaoanzia utosini na kwenye paji, ndo uko hivyo. Mwaka 2011 watafiti wa Pennsylvania walichukua ngozi ya kipara na ngozi yenye nywele ya mtu huyo huyo, wakahesabu, wakakuta seli shina ziko pale pale idadi ile ile, kinachopungua ni zile seli za hatua inayofuata, watoto wao tuseme. Tunguu lipo, halichipui. Kwa hiyo dawa ya kuamsha ina kitu cha kuamsha.

Sasa sisi wanawake, tunaovutwa nywele toka tuna miaka minne, wengi wetu tatizo letu si hilo. Mwanzoni ukivutwa sana vinatoka vipele vidogo vyeupe kwenye mstari wa mbele, kichwa kinauma usiku unashindwa kulalia upande, nywele zinaanza kupungua pembeni. Ukiacha wakati huo zinarudi, nimeziona kwa macho yangu zinarudi. Usipoacha, miaka inaenda, pale panakuwa kovu. Na kovu mle ndani hakuna tunguu, limeng'olewa pakamwagiwa zege. Unamwamsha nani?

Kuna alama moja wasusi wote tunaijua hata kama hatuijui jina, vile vinywele vifupi vinavyobaki mbele kabisa kama uzio wakati nyuma yake pameisha, tunavilaza na jeli na mswaki vinakaa vizuri mteja anafurahi. Madaktari wa ngozi wanaitumia kutambua upara wa kuvutwa. Afrika Kusini, Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Cape Town na wenzie walipima wanawake wazima wakakuta karibu theluthi wana huo upara, wanaume asilimia 2 na kitu. Hapa kwetu sina namba, nina kiti changu, na kwenye kiti changu naona sana.

Na kuna upara mwingine ndo wangu mimi. Unaanzia katikati utosini unatanuka kama duara, mwanzo unadhani ni nywele kukatika tu kwa sababu ya dawa, unapaka mafuta ya nazi unapaka kitunguu, kichwa kinawasha kidogo basi. Nilivaa kilemba miaka 3 wateja wakidhani nimeokoka. Nikaenda sehemu moja hapa mjini, siitaji, wana ofisi nzuri ya vioo na mwanamke mapokezi anaongea taratibu, wakaniambia wana tiba ya seli shina, ni teknolojia mpya inatoka nje. Shilingi laki tatu na nusu kwa mara moja, ziwe mara nne. Walichofanya ni kunitoa damu, wakaizungusha kwenye mashine ikajitenga, yale maji ya njano ya juu wakanichoma nayo utosini sindano nyingi nyingi. Hiyo mwanangu kaniambia ni PRP, ni chembe sahani za damu yako mwenyewe, seli shina hapo hamna. Sisemi PRP ni uongo, kwa wenye ule upara wa kurithi baadhi inawasaidia kiasi. Mara ya nne wakataka kuniongezea eksosomu, vijifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli, kichupa kidogo laki sita. Bahati hela iliisha. Baadaye ndo najua mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha eksosomu hata moja, na Desemba 2019 walitoa tahadhari kwa umma baada ya wagonjwa kule Nebraska kudhurika. Hakuna aliyeniambia. Na hakuna aliyenishika kichwa kuangalia kwanza ni upara gani, wote walikuwa wananiangalia pochi.

Daktari wa ngozi niliyeenda mwisho, kijana tu, amesomea pale Moshi kwenye kile kituo cha mafunzo ya ngozi KCMC, kile kilichofunguliwa 1992, alikata kipande cha ngozi kama punje ya mchele akakipeleka maabara. Majibu yakaja kovu. Huu upara wa katikati unawapata zaidi wanawake weusi, uvimbe unakula kifuko cha unywele pamoja na pale zinapokaa seli shina zenyewe. Nikamuuliza kwa hiyo nimejisababishia mwenyewe, na mi ndo msusi? Akaniambia mwaka 2019 watafiti, yumo Profesa Ncoza Dlova wa KwaZulu-Natal, walikuta karibu robo ya wanawake waliowapima wenye ugonjwa huu wana hitilafu kwenye jeni moja inayohusika na kutengeneza unywele, PADI3. Kwa hiyo kuna damu ya ukoo pia, si kusuka peke yake. Nilipumua kidogo siku hiyo, kwakweli nililia kwenye daladala. Akanipa sindano za kutuliza uvimbe na vidonge, akasema wazi, hizi ni za kuzuia usiendelee kutanuka, pale palipokwisha nisitegemee. Mtu wa kwanza kutoniahidi kitu ndo wa kwanza kunisaidia.

Na utafiti wa kovu upo jamani, ndo huo niliotamani muuandike. Mwaka 2024 Johns Hopkins kule Baltimore waliandika kuhusu wanawake 12 wenye huu ugonjwa wangu waliopewa metfomini, hii hii dawa ya kisukari mnayoijua, kwa dozi ndogo, na 6 wakaota nywele kidogo. Ni 12 tu, wachache mno, na msiende kununua duka la dawa nawaomba, dawa ya sukari si mafuta ya nywele. Ila ni sisi waliotuangalia sisi, na dawa yenyewe si ya mamilioni. Hiyo haikupata hata mstari mmoja.

Kuhusu kuotesha nywele mpya kabisa maabara, ambako ndo kungetufaa sisi wa kovu, huko ni mbali. Kuna kisa kimoja nakipenda sana, mwaka 1999 mtafiti wa Uingereza, Colin Jahoda wa Durham, alitoa seli kwenye mizizi ya nywele za kichwani kwake zikapandikizwa kwenye mkono wa mkewe, Amanda Reynolds, naye mtafiti, na mkono wa mama wa watu ukaota vinywele kwa seli za mumewe! Nikiwasimulia wateja wanasema mume wangu mimi asinisogelee. Zaidi ya miaka 25 sasa, na bado hakuna hospitali unayoingia ukaoteshewa. Shida waliyokutana nayo ni kwamba zile seli za chini ya unywele ukizitandaza kwenye sahani ya maabara ziongezeke, zinasahau kazi yao. Mwaka 2013 huyo huyo Jahoda na wenzie wa Columbia, New York, wakazining'iniza kwenye matone yaliyopinduliwa kichwa chini zijikusanye donge, zikakumbuka kidogo. Wakazipandikiza kwenye ngozi iliyokatwa kwa watoto waliotahiriwa (ndio, mmesoma sawa) iliyobandikwa kwa panya, na kwa watu 7 waliotoa seli, za 5 ziliota. Mwaka 2020 timu ya Boston wakatengeneza ngozi nzima yenye nywele kuanzia seli shina, ilichukua miezi zaidi ya minne kwenye chombo. Kazi kubwa, nawavulia kilemba. Lakini mteja wangu wa Alhamisi nywele za pembeni alizobakiza hazina miezi minne kwa anavyotaka nimkaze.

Kwa hiyo ombi langu Mhariri ni dogo. Mkiandika tena kuhusu hizi tiba, mstari wa kwanza tu semeni ni upara upi, wa kulala au wa kovu, na mseme ilijaribiwa kwa panya au kwa watu. Na mkipata nafasi mwulizeni daktari wa ngozi wa hapa hapa, wapo, si wengi ila wapo, badala ya kunukuu tangazo la kampuni.

Na sisi wasusi mtuseme pia, msituonee haya. Nimekaza vichwa vingi. Mteja akisema kaza zidumu mwezi, nakaza, akilia machozi namwambia kesho zitalegea, na nina kodi ya kibanda. Kuna vitoto nimevisuka yeboyebo mpaka nyusi zimepanda juu vinaonekana vinashangaa wiki nzima.

Jumamosi hii kaja mama na binti wa miaka sita, likizo, anataka rasta ndogo ndogo mpaka kiunoni kwa ajili ya harusi. Nikagusa kwenye kipaji, vipele vile vyeupe, vitano au sita, mtoto akakwepa kichwa. Nikasema hizi sisuki. Tukabishana, foleni yote inasikiliza. Mwisho nikamsuka twende kilioni kubwa kubwa bila rasta, mtoto kasinzia mikononi kwangu, sijawahi kuona mtoto anasinzia akisukwa. Mama kanuna, kalipa nusu, nikapokea.

Msusi wa Tabata,
Dar es Salaam