Risala ya Wahitimu wa Darasa la Umisheni kwa Mgeni wa Heshima, Nairobi

Mgeni wetu wa heshima, Baba Askofu, wachungaji na wazee wa kanisa, walimu wetu, wazazi na jamaa mliosafiri usiku kucha kutoka Kitui, Vihiga na Taita ili mfike Nairobi kwa ajili yetu: Bwana asifiwe!

Baba Askofu, karibu sana. Tunajua una shughuli nyingi, na kufika kwako kumetupa heshima kubwa. Tunaomba utusikilize kama mzazi, kwa maana tuna jambo moja linalotukaa moyoni. Anayetumwa hujiandaa, lakini kanisa linalomtuma nalo lina maandalizi yake, na hayo ndiyo tunayoona yamebaki nyuma.

Kwa upande wetu, walimu wametufunza vizuri. Hawakuturuhusu kukaa darasani tu na vitabu. Walitupeleka Eastleigh tukaishi miongoni mwa majirani zetu Wasomali, na masharti yalikuwa mawili: usikilize kwanza, na ule unachoandaliwa. Dada mmoja katika darasa letu alikaribishwa kwa chai ya maziwa yenye hiliki, akashinda huko akimsaidia mtoto wa nyumba kufanya hesabu za shule. Hakuhubiri hata neno. Jioni, mama mwenye nyumba ndiye aliyemuuliza, "Na wewe, unaomba vipi?" Yalizungumzwa mengi hadi usiku, na dada huyo bado hualikwa huko. Mafunzo ya namna hiyo hayapatikani kwa mihadhara, na tunawashukuru walimu wetu kwa kuyathamini.

Tumejifunza pia kuheshimu makaratasi. Safari ya Injili hupitia ofisi za uhamiaji pale Nyayo House kama safari nyingine yoyote. Pasipoti isiwe imebakiza chini ya miezi sita. Cheti cha polisi cha tabia njema kitafutwe mapema. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri, na ile kadi ya manjano itunzwe, kwani tangu 2016 inatambuliwa kwa maisha yote ya mwenye nayo. Mwenzetu anayekwenda Thailand ataiombwa kadi hiyo kwa kuwa anatoka Kenya. Mwuguzi wetu anayekwenda Chad ameongeza chanjo ya homa ya uti wa mgongo, maana nchi ile iko katika ukanda unaosumbuliwa sana na ugonjwa huo. Tena amezaliwa na kulelewa hapa Nairobi, ambako malaria ni nadra, hivyo mwili wake haujaizoea. Atalala ndani ya chandarua na kumeza dawa za kinga kama mgeni mwingine yeyote. Lugha nayo ameianza mapema. Chad inatumia Kifaransa na Kiarabu, na kwa muda mrefu amekuwa akitoka zamu ya usiku akaenda moja kwa moja darasani kusoma Kifaransa, macho yakiwa mekundu kwa usingizi.

Kuhusu viza, Baba Askofu, tunasema bila kuficha. Thailand ina viza yake kwa watumishi wa dini. Anayeingia kwa viza ya utalii kisha akaanza kuhubiri anavunja sheria za wenyeji wake, na akifukuzwa, wanaobaki na matatizo ni waumini wa palepale. Ziko nchi nyingine zisizotoa ruhusa hiyo kabisa, na huko mtu huenda kama mwalimu, mkulima au daktari. Basi awe mwalimu kweli, aandae masomo, asahihishe madaftari. Baadhi ya nchi hizo hatutazitaja ukumbini humu, na tunawasihi ndugu wote msiweke picha za wahitimu wa leo kwenye Facebook wala kuzisambaza katika makundi ya WhatsApp. Picha moja yenye nia njema yaweza kumweka mtu mashakani.

Sasa tunafika kwenye jambo lililowatoa machozi baadhi yetu katika vikao vya jioni. Nalo ni hili: ikiwa mmoja wetu atafia huko, atazikwa wapi?

Tunafahamu historia ya pwani yetu. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika hapo mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Hawakurudishwa kwao. Sisi tuliopokea Injili kwa gharama hiyo hatuwezi kuogopa kuilipa. Lakini wazazi wetu walioketi hapa wana neno lao pia. Kwetu, mtoto huzikwa nyumbani, na mzazi asiyeona kaburi la mwanawe hapati utulivu. Kusafirisha maiti kutoka ng'ambo ni gharama kubwa mno, na mara nyingi huanza kwa harambee ya machozi wakati mwili tayari uko mochari ya ugenini. Tunaona si haki kuwaachia wazazi mzigo huo. Tumeandika wosia, kila mmoja wetu, na tumekaa na familia zetu tukazungumza waziwazi. Mazungumzo hayo yalikuwa magumu. Baba mmoja alitoka nje, akakaa kibarazani peke yake, kisha akarudi akasema, "Endelea, mwanangu. Nimesikia."

Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni bima. Tunaomba kanisa lisimtume mtu yeyote bila bima ya afya inayolipia kumrudisha mgonjwa nyumbani, au mwili wake, na bima hiyo ilipwe kabla ya tiketi ya ndege kununuliwa.

Tunaomba pia mwakumbuke wazazi tunaowaacha. Wengi wetu ni watoto wanaotegemewa. Kuna karo za wadogo zetu, kuna dawa za presha za mama, kuna paa la nyumba. Kanisa likimteua mzee mmoja kwa kila familia, mtu wa kuwatembelea na kujua hali zao kabla hawajaomba, mmisionari atafanya kazi kwa moyo mmoja.

Kuhusu pesa hatutasema mengi. Ahadi za kila mwezi huanza kwa nguvu, zikafifia. Kanisa la Filipi lilimtumia Paulo mahitaji yake zaidi ya mara moja, hata alipokuwa Thesalonike. Mtunza hazina apewe jukumu la kufuatilia ahadi hizo, mmisionari asiwe wa kupiga simu kudai.

Tena kuna kurudi, jambo ambalo husahaulika kabisa. Paulo na Barnaba walipomaliza safari yao walirudi Antiokia, wakakusanya kanisa, wakaeleza yote, kisha wakakaa na wanafunzi kwa muda mrefu. Wanaorudi siku hizi hupewa dakika tano Jumapili, kati ya matangazo na sadaka, na wiki inayofuata wanaulizwa watarudi lini huko. Wengine wamechoka, wengine wamezika marafiki, watoto wao hawajui tena Kiswahili cha mtaani. Tunaomba wapewe mahali pa kupumzika, daktari wa kuwapima, na mtu mwenye subira wa kuwasikiliza.

Baba Askofu, mwuguzi wetu ndiye atakayetangulia, kupitia Addis Ababa. Vyeti viko mezani mbele yako. Ila tunakuomba, kabla hujatukabidhi, uwaite wazazi wetu mbele uwaombee wao kwanza.

Asante sana, na Mungu akubariki.

Ni sisi, wahitimu wa darasa la umisheni.