Barua ya wazi kwa nyie mnaosomea kibarazani kwangu

Wajukuu zangu wa kidato cha nne,

Nawaandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo mnaitikia "sawa bibi" halafu mnarudi kulekule. Juzi asubuhi nafagia kibaraza nikaokota karatasi ya vidonge iliyokwisha, nikavaa miwani nikasoma, vya kuongeza kumbukumbu, na baadae nikaambiwa mlichangishana sh. 15,000 mkanunua kwa mtu anayeviposti kwenye status yake. Elfu kumi na tano jamani, ya watoto ambao wengine najua kabisa wanatoka kwao bila chai! Nilikaa pale pale chini na ufagio mkononi.

Hela inauma, lakini kilichoniuma zaidi ni cha usiku wa jana yake. Mmoja wenu, simtaji jina, alikuwa anapiga elementi ishirini za mwanzo za kemia, haidrojeni hiliamu lithiamu beriliamu, anatiririka kama redio mpaka nikafurahi, nikamuuliza haya mwanangu, ya saba ni ipi? Akanyamaza. Akarudi haidrojeni, anahesabu kwa vidole chini ya meza, akafika boroni akapotea, akarudi tena haidrojeni. Ile sio kumbukumbu. Hiyo ni kamba, ukiikata katikati huna kitu, na mtihani kazi yake ndo kukata katikati. Halafu mkitoka mock mnalia kwamba mlisoma mpaka alfajiri, na kweli mlisoma, mimi niliiona taa.

Sasa nisikilizeni. Kuna njia ya kushika mambo kichwani, ni ya kale kuliko shule zote mnazozijua. Wagiriki wanasimulia kuhusu mshairi Simonides, alikuwa karamuni, akaitwa nje, nyuma yake paa likaanguka likawasaga waliokuwemo wote hata ndugu zao wakashindwa kuwatambua, yeye akawataja mmoja mmoja kwa kukumbuka nani alikaa wapi. Cicero wa Roma aliiandika hadithi hiyo mwaka 55 kabla ya Kristo, na somo lake ni kwamba kichwa cha binadamu kinashika mahali kuliko kinavyoshika maneno. Kwa hiyo neno unalotaka kulikumbuka lipe mahali pa kukaa. Chukua nyumba unayoijua, tembea ndani yake kwa macho ya moyoni, kila kona weka kitu kimoja, ukitaka kukumbuka unatembea tena unakiokota.

Nyumba yenu mnayo tayari. Nyumba ya Kiswahili, kama hii yangu, kama nyingi tu hapa Ngamiani, baraza mbele, mlango, korido, vyumba vitatu kushoto vitatu kulia, nyuma ua na jiko. Twende. Barazani kuna mtungi wa maji unavuja mpaka barabarani, hiyo haidrojeni, maana jina lenyewe kwa Kigiriki ni mzaa maji. Mlangoni maputo ya bethdei yameziba huwezi kupita, hiliamu. Kwenye korido simu imevimba betri inafuka moshi, lithiamu. Chumba cha kwanza kushoto kitanda kimejaa bilauri, beriliamu. Cha kwanza kulia boriti imetoboa dari imelala juu ya kitanda, boroni. Cha pili kushoto gunia la mkaa limemwagika kwenye shuka jeupe la harusi, na mama mwenye shuka anakuja, kaboni. Cha pili kulia mbolea ya yurea mpaka magotini, naitrojeni. Cha tatu kushoto mgonjwa na mtungi wake wa hospitali, oksijeni. Cha tatu kulia ukuta mzima umepakwa dawa ya meno, florini. Uani juu ya kamba ya nguo taa nyekundu za neoni. Jikoni chumvi, hiyo sodiamu, ya 11. Zilizobaki wekeni wenyewe, na mzifanye za ajabu, za kunuka, za kuchoma, maana kitu cha kawaida kichwa hakishughuliki nacho.

Haya, ya saba ni ipi? Chumba cha pili kulia. Hukuhesabu, umefungua mlango tu. Na ukitaka kurudi nyuma unaingilia mlango wa uani unaanza na neoni.

Hapa ndipo mnaponiudhi, na nitalisema kwa kirefu kwa sababu ndilo linalowaangusha. Mmoja wenu nilipomweleza mwezi uliopita akaniambia bibi mimi nimechagua jumba la kwenye muvi, la ngazi za marumaru na taa za kioo, zuri kuliko hivi vibanda. Baada ya siku mbili vitu vyote vimempotea. Nikamuuliza kwenye hilo jumba mlango wa jikoni uko upande gani? Hajui. Sakafu ukikanyaga inalia vipi? Hajui. Nikamwambia fumba macho, uko kwa bibi yako Pangani. Mtoto akaanza, hapa kizingiti kimelika, hapa pana giza pananuka karafuu, hapa nyuma ya mlango kuna msumari anatundikia kanga yake ya kwendea msibani. Msumari! Ana nyumba nzima kichwani mpaka msumari wa kanga na bado anakwenda kuazima jumba la watu asiowajua. Mahali unapojua kwa miguu ndo panaposhika. Usichague pazuri, chagua ulipotumwa chumvi usiku, ulipojigonga kidole, ulipochapwa.

Na hili sio lenu peke yenu, ni letu wakubwa. Tumewafungia mageti, mnakwenda shule kwenye bajaji macho kwenye simu, mtoto wa miaka kumi na sita hawezi kumwelekeza mgeni kutoka barabara ya nane mpaka ya kumi na mbili, na hapa Ngamiani barabara zetu zina namba kabisa! Shule nako mwalimu ana watoto themanini mbele yake, anaandika ubaoni mnakopi, mada yenyewe kwa Kiingereza ambacho mliingia kidato cha kwanza hamjakizoea, halafu tunawaambia shikeni, bila kuwaonyesha mtu anashikaje. Na mimi nilifundisha miaka mingi nikasema hivyo hivyo, shikeni, na nasikitika.

Msidhani ni hadithi za bibi. London dereva wa zile teksi nyeusi lazima ajue mitaa kama 25,000, anaisomea miaka mitatu minne, anazunguka na pikipiki mtaa kwa mtaa. Mwaka 2000 mtafiti wa ubongo Eleanor Maguire na wenzake walipiga picha ubongo wa hao madereva wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi, kijinyama kinachoshika njia na mahali, ni kubwa kuliko ya watu wengine, na 2011 wakatoa majibu ya kuwafuatilia wanafunzi wa udereva huo, waliofaulu ilikuwa imekua, waliofeli haikukua. Na 2017 watafiti wa Uholanzi wakachukua watu wa kawaida kabisa, nusu saa kwa siku, siku 40, wakifundishwa hii hii ya kutembea na kuweka. Mwanzo kati ya maneno 72 walikuwa wanakumbuka 26 hivi, mwisho wakafika 62 hivi, na miezi minne baadae bado walikuwa nayo sehemu kubwa. Nusu saa, hakuna kidonge.

Ila sitawadanganya. Haitakufanya ukumbuke ulipoacha funguo kama hukuziweka mahali kwa makusudi. Na haielewi badala yako, usipoelewa kwa nini sodiamu inalipuka majini hata ukiiweka kwenye vyumba mia haikusaidii.

Mengine kwa kifupi. Kona moja kitu kimoja. Nyumba moja somo moja, historia pelekeni kwa shangazi, bailojia msikitini au kanisani mnapopajua vizuri. Tembeeni kila mara njia ile ile. Rudieni kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki. Laleni, saa tano usiku taa ya kibaraza nitaizima mwenyewe. Wale wa madrasa mnaohifadhi, endeleeni na kudurusu kwa ustadhi, ile ni kazi ya sikio na ulimi na hii haiiingilii.

Na yule anayeuza vidonge akija tena niiteni.

Jumamosi saa kumi jioni njooni, bila daftari, simu mtaziweka kwenye kapu pale mlangoni. Milango yote ya ndani nitaiacha wazi na wapangaji nimeshawaomba ruhusa, tutatembea chumba kwa chumba, mguse kuta. Yule wangu wa haidrojeni aje wa kwanza, ataanzia uani.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu
Ngamiani, Tanga